Kimstari kinachochafua ukurasa

Mteja wangu mmoja anauza vipuri vya magari Kariakoo. Nilimtengenezea tovuti yenye jedwali la bidhaa: jina la kipuri, gari linalokitumia, kilikotoka, mwaka, hali yake, na mwisho kabisa, upande wa kulia, bei. Jedwali lilikuwa pana kuliko sanduku lake, kwa hiyo chini yake ukajitokeza upau wa kusogeza wa kijivu, ule tunaouita skrolbaa. Akauona, akakunja uso. "Fundi, hicho kimstari kinachafua. Kitoe." Nikaongeza mstari mmoja wa CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, kikatoweka. Tukapeana mikono.

Wiki iliyofuata akanieleza kuwa simu zimezidi dukani, na kila anayepiga anauliza bei. Mimi nilikuwa nimeujaribu ukurasa kwenye laptopu yenye padi ya mguso, ambapo vidole viwili vinatosha kulivuta jedwali. Kwenye simu, kidole kimoja. Lakini wateja wake wakubwa ni makarani wa gereji na wa ofisi za usafirishaji, watu waliokaa mbele ya kompyuta ya mezani yenye kipanya cha kawaida ambacho gurudumu lake huenda juu na chini tu. Ukishikilia kitufe cha Shift huku ukizungusha gurudumu, ukurasa huenda pembeni, ila sijakutana na karani anayelijua hilo. Na hata angelijua, asingekuwa na sababu ya kujaribu. Kwake jedwali liliishia kwenye safu ya "hali". Bei haikuwepo.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu ubishi kuhusu kupamba pau za kusogeza kwa kawaida huendeshwa kama ubishi wa ladha. Wabunifu husema ukurasa ni wao na kila kilichomo ni chao. Watetezi wa mtumiaji husema upau ni mali ya kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, usiuguse. Nimekuwa pande zote mbili kwa nyakati tofauti, na naona wanabishania vitu vitatu vilivyofungwa kwenye kifurushi kimoja: rangi ya upau, unene wake, na kuwepo kwake. Ukivifungua kimoja kimoja, ubishi mwingi unapungua.

Tuanze na kazi ya upau wenyewe. Una reli, na ndani ya reli kuna kitelezi, kile kipande unachokishika na kukiburuta. Tangu enzi za Windows 95 wengi tumezoea kwamba urefu wa kitelezi unalingana na sehemu ya ukurasa unayoiona: ukurasa ukiwa na urefu wa skrini kumi, kitelezi hushika sehemu moja ya kumi ya reli. Maana yake, kabla hujasoma sentensi ya kwanza umeshajua kama una dakika mbili za kusoma au nusu saa. Ukiwa katikati unajua kwamba uko katikati. Hakuna maandishi, hakuna namba, na bado umepata habari hizo zote kwa kutupa jicho pembeni. (Kurasa zinazojiongeza zenyewe kila ukikaribia mwisho zimeuharibu mpango huu: unafika chini, kitelezi kinaruka juu, na ahadi ya mwisho inasogezwa mbele kama mkopo wa kausha damu. Lakini huo ni ugomvi wa siku nyingine.)

Sasa kupamba. Internet Explorer 5.5, kivinjari cha Microsoft kilichotoka mwaka 2000, ndiyo iliyofungua mlango kwa umma. Iliwapa waandishi wa kurasa amri nane za rangi: uso wa kitelezi, reli, mshale, na vivuli vya pembeni vilivyofanya upau uonekane kama umechongwa. Waliokuwepo wanakumbuka matokeo: pau za waridi juu ya mandhari ya nyota, mishale ya kijani juu ya reli nyeusi. Wengi hutoa mfano huo kuonyesha kwamba wabunifu hawaaminiki. Mimi naona kinyume kidogo. Zilikuwa mbaya, ndiyo, lakini unene wa upau haukuguswa. Ulibaki ule ule ambao Windows iliuweka. Yule karani wangu angekerwa na waridi, ila bei angeiona.

Mambo yalibadilika mwaka 2009, wakati WebKit, injini iliyo ndani ya kivinjari cha Apple, Safari, ilipotangaza njia yake ya kupamba. Chrome nayo wakati huo ilitumia injini hiyo hiyo, kwa hiyo mbinu ikasambaa haraka. Mara hii kila sehemu ya upau iliwekwa mezani: unene kwa pikseli (nukta za skrini), pembe za mviringo, kivuli, reli isiyoonekana, kitelezi kinachobadilika rangi ukikigusa. Upau wa kawaida wa Windows ulikuwa na pikseli 17. Wabunifu wakaanza kuandika 8, kisha 6, na nimeona 4 kwa macho yangu. Ilikuwa ni mbinu ya injini moja, si kanuni ya wavuti. Firefox iliikataa, na ilipokuja na yake mwaka 2018, katika toleo la 64, ilifuata rasimu ya W3C, shirika linaloandika kanuni za wavuti, ambayo inabana makusudi. Rangi mbili tu: ya kitelezi na ya reli. Unene una majibu matatu: wa kawaida, mwembamba, au hakuna kabisa. Pikseli huruhusiwi kuzitaja. Kivinjari ndicho kinachoamua "mwembamba" ni kiasi gani kwenye kifaa hicho. Chrome ilikubali kanuni hiyo katika toleo la 121, mwanzoni mwa 2024, na ikaweka sharti lililowashtua wengi: ukiandika amri mpya, zile za WebKit kwenye sehemu hiyo hiyo hazisikilizwi tena. Kuna tovuti zilizokuwa zimeandika zote mbili kwa usalama, zikaamka asubuhi pembe zake za mviringo zimekwenda. Mimi mwenyewe nilikuwa nazo mbili.

Ukiutazama mwendo huo, kutoka rangi peke yake, kwenda uhuru wote, kisha kurudi karibu na rangi peke yake, unaona kwamba walioandika kanuni walishajifunza mahali penye madhara.

Lakini hoja ya "uachie kivinjari, kinajua" nayo ina kovu. Mwaka 2011 Apple ilitoa Mac OS X Lion, na kuanzia hapo, kwa mtumiaji wa padi ya mguso, pau zikawa zinafichwa mpaka uanze kusogeza. Simu zilikuwa zimeshafanya hivyo. Kwa hiyo hali ya msingi, ile tunayoambiwa tuiheshimu, kwa watu wengi ni upau usioonekana. Hapo ndipo kichekesho kinapoingia. Kwenye Mac, ukiupamba upau kwa mbinu ya zamani ya WebKit, upau ule unaojificha hugeuka kuwa wa kudumu, wenye nafasi yake pembeni. Mbunifu anayelaumiwa kwa kuuchezea anaweza kuwa ndiye aliyeurudisha, na hiyo ni hoja ya kwanza ya wabunifu. Ningekuwa na jedwali la bei na wasomaji wa Mac peke yao, ningeupamba kwa sababu hiyo peke yake, na nisingeomba radhi kwa mtu.

Hoja ya pili ya wabunifu ni ya kurasa nyeusi. Kila aliyefungua ukurasa wa giza usiku na kukuta upau mweupe ukimulika pembeni kama taa ya bodaboda anajua kero hiyo. Hoja ni ya kweli, ila dawa yake siku hizi haihitaji mapambo. Kuna amri moja, color-scheme, inayokiambia kivinjari kwamba ukurasa huu ni wa giza, nacho kinachora pau, visanduku vya fomu na vitufe vyake kwa mtindo wa giza, kwa unene na tabia ile ile ambayo mtumiaji ameizoea. Ninapoona mistari arobaini ya CSS iliyoandikwa kupaka reli rangi nyeusi, mara nyingi aliyeiandika hakuwahi kuambiwa kwamba mstari mmoja ungetosha.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: visanduku vya ndani. Dirisha la mazungumzo kwenye kona, menyu ya pembeni, kipande cha msimbo, orodha ya mikoa ndani ya fomu. Upau wa ukurasa mzima uko ukingoni mwa dirisha, nje ya mchoro, na mtu hauhesabu. Upau wa kisanduku uko katikati ya mchoro, na mipau minne ya kijivu kwenye skrini moja kweli inachosha jicho. Kwa muda mrefu nilikuwa na kanuni yangu: upau mkuu ni wa msomaji, pau za ndani ni za mbunifu. Nimeipunguza nguvu. Sababu ni kipanya. Dirisha likiwa limejaza skrini, upau mkuu unagusa ukingo wa kioo. Unaweza kuutupa mkono kulia bila kulenga, mshale utagonga ukingo na kusimama juu ya upau. Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia kitu unategemea umbali wake na ukubwa wake, na ukingo wa skrini unafanya upau uwe kana kwamba ni mpana sana. Kisanduku cha ndani hakina ukingo huo. Pale lazima ulenge. Kwa hiyo sehemu ambayo mbunifu ana haki zaidi ya kuupunguza upau ndiyo sehemu ambayo kuupunguza kunauma zaidi, hasa kwa mtu mwenye mkono unaotetemeka au kipanya kilichochoka.

Upande wa watetezi wa mtumiaji una silaha ambayo wabunifu wengi hawaijui, nayo imo ndani ya WCAG, mwongozo wa W3C wa kuhakikisha kurasa zinatumika na watu wenye ulemavu. Toleo la 2.1 la mwaka 2018 linataka sehemu za ukurasa ambazo mtu anazitumia, kama vitufe, zitofautiane na vilivyozizunguka kwa uwiano wa mwanga wa angalau 3 kwa 1. Toleo la 2.2 la mwaka 2023 linataka vitu vya kubofya viwe na angalau pikseli 24 kwa 24. Yote mawili yana msamaha: kitu kikiwa kimechorwa na kivinjari na mwandishi hakukibadilisha, hadaiwi. Ndiyo maana upau wa Windows wenye pikseli 17 haumletei mtu kesi. Kwa usomaji wangu, siku unapoandika pikseli 6, msamaha unaondoka na deni linakuwa lako. Hapo ndipo napoona uzito wa jambo lote. Kabla hujaugusa, kosa la upau lilikuwa la kampuni yenye maabara na wapimaji. Ukishaugusa, ni la fundi mmoja aliyekuwa anawahi daladala.

Na wengi wetu tungeshindwa kesi hiyo. Kijivu kinachopendwa na wabunifu, ambacho namba yake ya rangi ni #cccccc, juu ya nyeupe kina uwiano wa 1.6 tu. Ili ufikie 3 inabidi ushuke mpaka #949494, ambacho kwenye mchoro kinaonekana kizito mno, na hapo ndipo mabishano na mteja huanza. Ile kanuni mpya ya kupamba pau angalau ina heshima moja: mtumiaji akiwasha mfumo wa rangi za utofauti mkubwa kwenye Windows, rangi zako za upau huwekwa kando na za kwake zikashika nafasi.

Zile pau bandia zinazojengwa kwa JavaScript, lugha ya programu ya kurasa, ambapo upau halisi unafichwa na kuchorwa mwingine kwa vipande vya ukurasa wenyewe, sina la kuzitetea. Kila ambacho upau halisi hufanya bila kuombwa, kama kubofya reli ili uruke, vitufe vya mishale na Page Down, au kuburuta bila kukwama, mwandishi lazima akijenge upya, na siku zote husahau kimoja.

Turudi Kariakoo. Nilirudisha upau chini ya jedwali, unene wa kawaida, na bei nikaihamisha ikawa safu ya pili, jambo ambalo lilipaswa kufanywa siku ya kwanza. Mteja akakubali kwa sharti: kama lazima kiwepo, basi kiwe rangi ya duka, machungwa. Rangi yake, #FF7A00, juu ya nyeupe inatoa 2.6. Nikamwonyesha iliyokolea, #D95F00, inayofika 3.7 na ushee. Akaitazama muda mrefu, akasema hiyo ni rangi ya duka la jirani. Tukaacha kijivu.