Mguu Uliovunjika na Siri Iliyofichuliwa: Nani Akingwe na Gharama za Kesi?

Katika mahakama za England na Wales, kama ilivyo Kenya na Tanzania zilizorithi utaratibu huo, anayeshindwa shauri la madai kwa kawaida humlipa mshindi gharama zake. Kanuni hiyo inaonekana ya haki mpaka umfikirie mwendesha pikipiki aliyevunjika mguu akimshtaki dereva ambaye nyuma yake imesimama kampuni ya bima: mmoja anaweza kupoteza nyumba, mwingine hata hataitwa kutoa senti mfukoni. Kwa sababu hiyo, kufuatia mapendekezo ya Jaji Rupert Jackson, tangu Aprili 2013 mdai wa majeraha amewekewa kinga. Akishindwa, amri ya gharama hutolewa dhidi yake, lakini haikaziwi kupita kiasi cha fidia aliyopata, na asiyepata fidia halipi kitu. Kinga humtoka aliyedanganya katika kiini cha dai lake, na pia ambaye shauri lake limefutwa kwa kukosa msingi.

Haikuwa zawadi. Kabla ya hapo, mdai aliyeshinda alimtoza mdaiwa ada ya ushindi ya wakili wake, yaani nyongeza anayolipwa wakili kesi ikishinda, pamoja na bima aliyokata kujihami na gharama. Sasa ada hiyo inatoka kwenye fidia yake mwenyewe, hadi asilimia 25 ya fidia isiyohusu hasara za baadaye. Wadaiwa nao wananung'unika kwamba hata wakishinda hawarudishiwi kitu, hivyo huona nafuu kulipa dai dhaifu kuliko kulipinga. Malalamiko yao yalisikika: tangu Aprili 2023 gharama anazodaiwa mdai zinaweza kukatwa pia kwenye gharama anazostahili kulipwa, jambo ambalo Mahakama ya Juu ilikuwa imelikataa mwaka 2021. Mdai anayekataa pendekezo la suluhu, kisha akapata pungufu, anaweza kuondoka mikono mitupu.

Anayedai kwamba faragha yake imevunjwa hana kinga ya namna hii. Akishinda, anaruhusiwa bado kumtoza mdaiwa malipo aliyoyatoa kukata bima ya kujihami na gharama, ila si ada ya ushindi, iliyoondolewa Aprili 2019. Hofu ya vyombo vya habari kuhusu gharama hizo ina chimbuko lake: mwanamitindo Naomi Campbell alipolishinda gazeti la Mirror mwaka 2004, fidia ilikuwa pauni 3,500, ilhali gharama zilizodaiwa zilizidi pauni milioni moja. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 2011 kwamba mzigo wa ada za ushindi ulikiuka uhuru wa kujieleza. Hoja hiyo ni nzito, lakini Campbell si mfano wa mgonjwa ambaye faili lake la hospitali limevuja.

Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikutana na dai lenye sura zote mbili: aliyewahi kuwa askari polisi alidai kwamba taarifa zake binafsi zilichukuliwa isivyo halali na kwamba jambo hilo lilimdhuru kiafya. Iliamuliwa kwamba kuwapo kwa madhara ya mwili au akili hakulikingi dai zima. Jaji ataamua kwa busara yake kama mdai akingwe. Uamuzi huo unamzuia mdai kuchomeka jeraha dogo ili apate kinga, lakini unamwacha akiingia mahakamani bila kujua kama analindwa, wakati uhakika huo ndio uliokuwa shabaha ya kinga tangu mwanzo.

Naona kigezo cha aina ya dai kinafaa kwa ajali za barabarani kwa sababu bima ya gari ni ya lazima, hivyo pengo la uwezo linajulikana mapema. Kwenye faragha halijulikani: tajiri anaweza kumshtaki mhariri wa kijarida, au muuguzi kulishtaki gazeti kubwa. Serikali ya Uingereza ilipendekeza mwaka 2013 kinga inayopima uwezo wa kila upande, kisha haikuitekeleza. Kikwazo chake ni kwamba kupekua mali za watu nako ni kesi ndani ya kesi, isipokuwa jaji aliamue suala hilo mwanzoni kabisa, kwa hati za kiapo, kabla mawakili hawajaanza kulimbikiza saa zao.