Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta ya Linux: Kwanza Uliza Draiva

Mtu akihamia Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, kwenye mashine yake ya mezani, hazipiti siku nyingi kabla hajauliza anunue kadi ya grafiki ya AMD au ya NVIDIA. Hupewa majibu ya aina mbili. Kundi moja humwambia aikimbie NVIDIA, na shahidi wao ni Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, ambaye mwaka 2012 akiwa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland aliitaja hadharani kuwa kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo. Kundi la pili humwambia aache siasa, draiva ya NVIDIA, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, inafanya kazi na kadi zake zina kasi. Kila kundi lina hoja, ila wote wanamshauri mtu anayenunua kadi mpya, na wengi wetu Afrika Mashariki hatununui kadi mpya. Tunanunua Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyomaliza kazi katika ofisi ya ng'ambo, kisha tunatafuta kadi ya kuchomeka, nayo ni ya mtumba vilevile. Kwa mnunuzi huyo kasi ni swali la pili. La kwanza ni nani atakayeitunza draiva ya kadi hiyo wakati kampuni imeshaacha kuihudumia.

Upande wa AMD una jibu zuri, na uzuri huo haukutokana na wema wa kampuni peke yake. Baada ya kuinunua ATI mwaka 2006, AMD ilianza mwaka 2007 kutoa nyaraka za kiufundi za kadi zake ili watu wa nje waweze kuandika draiva. Draiva ya sasa, amdgpu, iliingia ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, toleo la 4.2 mwaka 2015, na sehemu yake ya juu, ile inayozungumza na gemu na programu nyingine, imo katika mradi wa Mesa. Lakini RADV, draiva ya Vulkan (njia ambayo gemu hutumia kuiagiza kadi ichore) wanayoitegemea watumiaji wengi wa Radeon, kadi za AMD, haikuanzishwa na AMD. Ilianzishwa mwaka 2016 na Dave Airlie na Bas Nieuwenhuizen, baadaye Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, ikaweka wahandisi wake kwa sababu ya gemu hizo. AMD ilikuwa na draiva yake, AMDVLK; mwaka 2025 ikaiacha, ikaipokea ile ya wenzao. Mwaka huohuo Timur Kristóf, mmoja wa wahandisi wanaofanya kazi kwa ajili ya Valve, alizishughulikia kadi za kizazi cha Radeon HD 7000, zilizoanza kuuzwa mwaka 2012, hadi zikaweza kuhamia kwenye amdgpu. Hizo ni kadi za zaidi ya muongo mzima! Msimbo wa draiva ulikuwa wazi, akatokea mtu aliyetaka kuufanyia kazi, na hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa.

Sasa tazama kadi za NVIDIA zinazopatikana kwa urahisi kwenye maduka ya mtumba: GT 1030, GTX 1050 Ti, GTX 1060. Zote ni za kizazi cha Pascal, za mwaka 2016 na 2017. Mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza kwamba mfululizo wa draiva namba 580 ndio wa mwisho kuzihudumia, pamoja na kadi za vizazi vya Maxwell na Volta. Zitapata marekebisho ya usalama kwa muda, kisha basi. Kerneli ya Linux haisimami kungoja, na draiva isiyorekebishwa hufika siku ikagoma kujengeka juu ya kerneli mpya. Mwenye kadi atabaki na kerneli ya zamani au atahamia Nouveau, draiva huria, yaani yenye msimbo wazi, iliyoandikwa kwa kuchunguza kadi zinavyofanya kazi bila msaada wa kampuni.

Hapo ndipo pabaya zaidi. Kuanzia kadi za GTX 900 zilizotoka mwaka 2014, NVIDIA iliweka sharti kwamba fimwea, yaani programu ndogo inayoendesha kadi kutoka ndani, iwe na sahihi yake ya kidijitali. Bila fimwea inayofaa, Nouveau haiwezi kupandisha kasi ya kadi, ikabaki katika mwendo ule wa chini iliowashwa nao. Kadi za Kepler zilizotangulia hazina kufuli hilo. Kadi za Turing, zilizoanza mwaka 2018, zina kichakataji kidogo ndani yake kiitwacho GSP, na fimwea ya GSP inaweza kutumiwa na draiva huria kuongoza kasi. Waliofungiwa mlango ni wa katikati, GTX 900 na GTX 1000, yaani zilezile ambazo bei yake imeshuka hadi tukaweza kuzimudu. Kadi ina nguvu tele, haijaungua, lakini draiva huria haiwezi kuifikia nguvu hiyo. Hili linaniudhi kuliko lolote alilolalamikia Torvalds, kwa sababu hasara yake inamwangukia asiye na fedha za kununua nyingine.

Hata hivyo anayeishi na habari za mwaka 2012 anamdanganya mwenzake. Mwezi Mei 2022 NVIDIA ilitoa wazi msimbo wa sehemu ya draiva inayokaa ndani ya kerneli, kwa kadi za Turing na za baadaye, na tangu 2024 sehemu hiyo ya wazi ndiyo inayopendekezwa kwa kadi hizo. Faith Ekstrand na wenzake waliandika NVK, draiva huria ya Vulkan iliyomo ndani ya Mesa, na draiva mpya ya kerneli iitwayo Nova inaandikwa kwa lugha ya Rust. Matatizo ya Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, yaliyofanya madirisha yamemeteke na skrini kuruka, yalipungua sana kwa draiva ya 555 ya mwaka 2024. Kilichobaki kimefungwa, mbali na fimwea, ni sehemu ya juu ya draiva ya kampuni, na hiyo si ndogo. Isitoshe, kifurushi chake kina mamia ya megabaiti, jambo zito kwa anayetumia bando la simu, ilhali kadi ya AMD huwaka na kila kitu tangu flashi ya kusakinishia Linux inapochomekwa.

Hoja nzito kabisa ya upande wa NVIDIA ni CUDA, mfumo wake wa kufanyia hesabu nzito kwenye kadi ya grafiki, nami siwezi kuipuuza. Ilitoka mwaka 2007, na tangu hapo masomo, mifano na maktaba za akili bandia zimejengwa juu yake. AMD ina ROCm ya kazi hiyohiyo, ambayo ni huria, lakini orodha yake rasmi ya kadi za kawaida ni fupi. RX 580, kadi nzuri ya gemu iliyojaa sokoni, ROCm haiihudumii tena. Uhuria wa msimbo haujaiokoa upande huo. Watumiaji wa Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, nao walionja: toleo la 3.0 la Desemba 2021 liliondoa OpenCL, njia ambayo kadi za AMD ziliitumia kukokotoa, na wenye kadi za AMD kwenye Linux wakasubiri toleo la 3.2 mwaka 2022 ndipo zile za vizazi vipya zikarudi kazini katika Cycles, sehemu ya Blender inayokokotoa picha. Mwanafunzi anayejifunza kufunza modeli za akili bandia nitamwambia anunue NVIDIA bila kuona haya, ila isiwe ya chini ya Turing. RTX 3060 yenye GB 12 itamfaa kuliko kadi yenye kasi zaidi lakini kumbukumbu ndogo. Inakula wati 170, kwa hiyo OptiPlex nyembamba isahauliwe.

AMD nayo ina dosari za kuangaliwa. Mwaka 2024 taasisi inayosimamia HDMI iliikataza AMD isiweke HDMI 2.1 katika draiva yake huria, hivyo mwenye skrini ya 4K ya hezi 120 ni salama zaidi akitumia tundu la DisplayPort badala ya la HDMI. RX 6400, inayovutia kwa sababu inaingia kwenye kompyuta nyembamba bila waya wa ziada wa umeme, inatumia njia nne tu za PCIe, tundu la kuchomekea kadi, hivyo inapungua nguvu kwenye mazabodi za zamani, na haina kifaa cha kurekodia video. Na fimwea ya Radeon imefungwa pia, kwa hiyo anayetaka mfumo usio na chembe ya msimbo uliofungwa hatapata grafiki za 3D kwa kadi hizi za sasa.

Intel Arc A380 ni nafuu, ina draiva huria na inarekodi video za muundo wa AV1, lakini hudorora pale mazabodi isipokuwa na Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, na mashine nyingi za ofisi tunazoletewa hazina. Kwa anayeandika barua, kufungua mtandao na kutazama video, grafiki za Intel zilizomo tayari ndani ya prosesa zinatosha. Abaki na fedha yake aongeze RAM na SSD.

Kwa wengine wote ningechagua Radeon: RX 550 kwa kompyuta yenye pawa saplai ndogo, RX 580 au RX 6600 kwa yenye nafasi na umeme wa kutosha. Kabla ya kulipa, nenda dukani na flashi yenye Linux, mwombe muuzaji akuwashie mashine, fungua terminali uandike lspci -k, amri inayoonyesha kadi na draiva inayotumika. Ukiona amdgpu chini ya jina la kadi, kwenye mstari wa Kernel driver in use, draiva imeshaanza kazi. Ukiona nouveau, soma namba ya kadi: ikiwa ni GTX 900 au GTX 1000, dai punguzo kubwa, na ukikataliwa kuna maduka mengine.