Farina alichekesha, au alichekwa?

Mabishano kama Our Gang, filamu fupi za kuchekesha alizoanza kutengeneza Hal Roach huko California mwaka 1922, ziliwadhihaki Weusi au la, hayamkwepi mtoto mmoja Mweusi: Allen Hoskins, aliyejulikana kama Farina. Aliingia akiwa na miaka miwili hivi, akaondoka 1931.

Wanaozitetea filamu hizi wana hoja nzito. Siku zile sheria za majimbo ya kusini mwa Marekani ziliwatenga Weusi shuleni na kwenye treni, na Mahakama Kuu ilikuwa imeubariki utengano huo tangu 1896. Lakini watoto wa Roach, Weusi kwa Wazungu, wanacheza uwanja mmoja, wanakaa darasa moja na kukaripiwa na mwalimu mmoja. Mahakama hiyo haikupiga marufuku shule za kutengana hadi 1954. Ernie Morrison, mtoto Mweusi wa kundi la kwanza, tayari alikuwa na mkataba na Roach kabla mfululizo haujaanza. Sikubaliani na anayeyafuta yote hayo kwa neno moja, ubaguzi.

Sasa mtazame Farina mwenyewe. Nywele zimesukwa mikia midogo midogo na kufungwa utepe, nguo chakavu, viatu vinampwaya. Hujui ni mvulana au msichana. Akidhani ameona mzuka, mikia ile inasimama wima kichwani. Hata jina ni la uji wa ngano. Mtoto wa Kizungu akiteleza kwenye tope, anachekesha kwa alichokifanya. Farina anachekwa akiwa bado amesimama tu, kwa sababu mavazi na nywele zimekwisha kumwambia mtazamaji acheke. Roach hakuibuni picha hiyo. Aliirithi kutoka majukwaa ya karne ya 19, ambako Wazungu walijipaka masizi usoni wakaigiza Weusi.

Wengine husema zama zile ndivyo zilivyokuwa, tusizipime kwa mizani ya leo. Hoja hiyo mimi hainiingii, na sababu yangu ni Stymie.

Matthew Beard, yaani Stymie, aliingia 1930, studio ile ile, mwongozaji yule yule, Robert McGowan. Kichwa kimenyolewa, juu yake kofia ngumu ya mviringo kama ya mchekeshaji Stan Laurel. Huyu ana maneno. Anawazidi watu wazima akili, anawajibu bila kupepesa macho, na ukicheka unacheka naye. Utani wa rangi haukumwacha kabisa, lakini uzito wa kichekesho uko mikononi mwake. Kumbe iliwezekana, tena kwa watu wale wale! Na inauma zaidi kwamba 1934, alipoletwa Billie Thomas, yaani Buckwheat, walimpa tena mikia na tepe zile zile za Farina.

Mwaka 1971 waliouzia vituo vya televisheni filamu hizi walikata vipande vyenye utani wa rangi. Naelewa nia yao, maana watoto Weusi walikuwa wanatazama. Lakini ukiliondoa tukio la mzuka, umemwondoa pia mtoto aliyejua kulia machozi mazito mbele ya kamera na kuubeba mchezo mzima.

Hoskins alipokua alitumikia jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akafanya kazi na watu wenye ulemavu. Mwaka 1975 watengenezaji filamu Weusi walimwingiza katika ukumbi wao wa heshima.