Kuipenda Nchi au Kuihoji: Somo la Uraia Lianzie Wapi?

Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi wa sekondari, waumini wa Mashahidi wa Yehova, waliokuwa wameadhibiwa shuleni kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Miaka 70 kabla yake, Juni 1943, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekutana na kesi kama hiyo kutoka West Virginia: watoto wa imani hiyo hiyo, ila wao waligoma kusalimu bendera. Marekani ilikuwa katikati ya vita, na bado majaji walisema serikali haiwezi kumlazimisha mtoto kukiri kwa mdomo asichokiamini. Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua kinyume mwaka 1940.

Kwa shule, raia ni yule anayesimama wima pamoja na wenzake. Kwa majaji, raia ni pamoja na yule anayechagua kunyamaza. Ubishi huo haujaisha popote, na sidhani kama upande wa kwanza ni wa kupuuzwa.

Wanaotaka shule ijenge utaifa kwanza wana ushahidi, tena mzuri. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, wilaya mbili zenye mchanganyiko wa makabila. Busia, penye makabila mengi zaidi ndipo michango ya wenyeji kwa shule ilipopungua. Meatu, hali hiyo haikuonekana. Maelezo yake ni sera za Mwalimu Nyerere: Kiswahili kila mahali, kufutwa kwa utawala wa machifu, na shule zilizomlea mtoto ajione Mtanzania kabla ya kujiona Msukuma au Mnyiramba. Waliosoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa 1967, wanaujua mtaala huo kwa miguu na mikono: mchakamchaka alfajiri, gwaride, jembe kwenye shamba la shule. Rwanda nayo ilipofufua Itorero, mafunzo ya jadi ya uzalendo na maadili, mwaka 2007, ilikuwa na sababu nzito zaidi ya kuutafuta umoja: mauaji ya kimbari ya 1994. Lakini tusilimwagie darasa sifa zote. Kiswahili cha sokoni na ndoa za mchanganyiko navyo vimefanya kazi yake.

Shida ni kilichobaki baada ya jembe kuwekwa chini. Kwa sehemu kubwa ni nukuu za ubaoni. Mtihani unasema "Taja sifa tano za kiongozi bora", na msahihishaji anazo sifa zake tano kwenye karatasi. Mwanafunzi atakutajia bila kukwama uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, lakini hajawahi kupelekwa akasikilize mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu na ambako mapato na matumizi husomwa. Akifika sekondari, kwa miaka mingi alizisoma haki zake mwenyewe kwa Kiingereza alichokuwa bado anahangaika nacho. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo naliona limeegemea zaidi kwenye uzalendo kuliko kwenye kuhoji.

Wajerumani walilipitia hili kwa gharama kubwa. Katiba ya Weimar ya 1919, ya jamhuri ya kwanza ya Ujerumani, ibara ya 148, iliifanya elimu ya uraia kuwa somo la shule na ikaagiza kila mwanafunzi apewe nakala ya katiba anapomaliza elimu ya lazima. Mwaka 1933 jamhuri hiyo ilikuwa mikononi mwa Hitler. Baada ya vita Ujerumani Mashariki nayo ilikuwa na somo la uraia, la kumezesha itikadi ya chama, na bado mwaka 1989 watu walijaa mitaa ya Leipzig kukipinga chama hicho. Kwa hiyo somo kuwepo kwenye ratiba bado si kitu.

Upande wa Magharibi, miaka ya 1970, wahafidhina na watu wa mrengo wa kushoto waligombana vikali juu ya mitaala. Mwaka 1976 wataalamu wa pande zote walikutana Beutelsbach, mji mdogo karibu na Stuttgart, na hapo yakazaliwa makubaliano ya mambo matatu. Mwalimu asimlemee mwanafunzi kwa maoni yake hadi akashindwa kuamua mwenyewe. Kinachobishaniwa na wanasiasa na wasomi kibishaniwe pia darasani. Na mwanafunzi ajengewe uwezo wa kupima masilahi yake na kujua njia za kuyapigania. Hakuna aliyeyapigia kura wala kuyatungia sheria, ila yanafuatwa hadi leo.

Yana ufa wake. Mwaka 2018 AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, kilifungua tovuti huko Hamburg ili wanafunzi na wazazi waripoti walimu wanaodaiwa kuegemea upande. Makubaliano ya Beutelsbach hayamkatazi mwalimu kuitetea demokrasia, lakini mwalimu mwenye hofu hasubiri ufafanuzi, ananyamaza.

Hapo ndipo ninapouona ugumu wa kuyaleta kwetu. Mwalimu wa Tanzania ni mtumishi wa umma, na siku ya uchaguzi mara nyingi ndiye anayesimamia kituo cha kura. Kumwambia alete mabishano ya vyama darasani bila kumkinga ni kumtosa. Mimi ningeanza na ya karibu, michango ya shule kwa mfano. Tangu elimu bila ada ianze 2016, shule ya msingi hupangiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Je, wazazi wachangie chakula cha mchana? Hoja zipo pande zote, na mtoto wa darasa la saba anaijua njaa ya saa saba kuliko ofisa elimu yeyote. Ligawe darasa mara mbili, kila upande upewe hesabu za shule yao wenyewe, wabishane. Ila mwalimu mkuu naye akubali kuzitoa hizo hesabu, na waraka wa wizara utamke wazi kwamba mwalimu aliyeendesha mjadala huo hajavunja kanuni yoyote ya utumishi.