Kiwanda kipya cha makombora na mbegu ya pamba ya Igunga

Tarehe 27 Agosti 2025 kampuni ya silaha ya Rheinmetall ilifungua kiwanda kipya cha makombora ya mizinga katika mji mdogo wa Unterlüß, kaskazini mwa Ujerumani, mbele ya Katibu Mkuu wa NATO, Mark Rutte, na waziri wa ulinzi wa nchi hiyo, Boris Pistorius. Ujenzi ulizinduliwa Februari 2024 na uligharimu takriban euro milioni 500, na lengo lililotangazwa ni kufikisha makombora 350,000 ya milimita 155 kwa mwaka ifikapo 2027. Kwa msomaji wa Tabora habari hiyo inaweza kuonekana ya watu wa mbali. Hata hivyo, hoja mbili zinazogongana juu yake, kwamba kiwanda ni tiba ya uhaba na kwamba kiwanda ni chanzo cha vita vijavyo, zinahusu mambo ambayo ukanda wetu wa magharibi umeyaona kwa karibu, moja kutoka shambani na jingine kutoka ng'ambo ya mpaka.

Wanaokitetea kiwanda wanaanzia kwenye uhaba wenyewe, na hapo ni vigumu kuwapinga. Machi 2023 aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Ukraine, Oleksii Reznikov, aliwaandikia mawaziri wenzake wa Umoja wa Ulaya kwamba mizinga ya nchi yake ilikuwa ikifyatua wastani wa makombora 110,000 ya aina hiyo kwa mwezi, akaomba apewe 250,000 kila mwezi. Mwezi huohuo Umoja wa Ulaya uliahidi makombora milioni moja ndani ya miezi 12. Muda ulipokwisha, yaliyokuwa yamefika yalikaribia nusu tu. Bei nayo ilipaa. Oktoba 2023 Admirali Rob Bauer, ambaye wakati huo aliongoza Kamati ya Kijeshi ya NATO, alisema kombora moja lililokuwa likiuzwa euro 2,000 lilikuwa limefikia euro 8,000. Yeyote aliyetafuta sukari madukani mwanzoni mwa 2024 hahitaji kufundishwa jambo hili: bidhaa ikiadimika, mwenye akiba kidogo ndiye anayepanga bei, na fedha nyingi zaidi hununua mzigo uleule.

Uhaba huo haukuletwa na uzembe wa mwaka mmoja. Baada ya Vita Baridi serikali za Ulaya zilipunguza oda, na kiwanda cha risasi kisichokuwa na oda hakiwezi kuweka mitambo na mafundi wakisubiri vita ambayo huenda isije. Kabla ya uvamizi wa 2022 Rheinmetall ilikuwa ikitengeneza makombora kama 70,000 tu kwa mwaka. Kwa hiyo anayesema kwamba nchi isiyojitengenezea risasi hujilinda kwa hisani ya muuzaji anasema jambo la kweli, nami simbishii.

Ninachombishia ni hesabu. Makombora 350,000 ndiyo uzalishaji wa mwaka mzima, kiwanda kikiwa kimekamilika. Ukiyalinganisha na barua ya Reznikov, hayo ni matumizi ya miezi mitatu na siku chache, au maombi yake ya mwezi mmoja na nusu hivi. Tena yanakuja miaka minne baada ya barua kuandikwa. Kiwanda kilichofunguliwa wakati wa uhaba, kwa kasi yoyote kilivyojengwa, hulisha zaidi miaka itakayofuata kuliko uhaba ule uliokizaa, na ni afadhali wanaokisifu wakakiri hivyo waziwazi.

Lipo pia suala la malighafi, na hapa mtu wa Igunga au Nzega ana la kusema kuliko wachambuzi wengi. Pamba ikishapita kwenye mashine ya kuchambulia, nyuzi ndefu hufungwa marobota na mbegu hubaki. Chukua mbegu moja uisugue kati ya kidole gumba na cha shahada: utaona haiko tupu, ina manyoya mafupi meupe yaliyong'ang'ania ganda kama ndevu za kijana anayebalehe. Kwetu mbegu hizo hukamuliwa mafuta, na mashudu wakapewa ng'ombe. Mtengeneza baruti huyaangalia yale manyoya kwa jicho jingine. Yakisafishwa na kuchanganywa na asidi ya nitriki na ya salfa, huwa nitroselulosi, kitu alichokigundua mkemia Christian Schönbein mwaka 1846, na ndicho kinacholisukuma kombora litoke mdomoni mwa mzinga. Pasipo hicho, Unterlüß itatoa vyuma vizito vilivyochongwa vizuri.

Sehemu kubwa ya manyoya hayo Ulaya huyanunua China, nchi ambayo haiwezi kutegemewa kuufurahia mpango huo. Kilipuzi cha TNT kinachojazwa ndani ya kombora kimekuwa na mtengenezaji mmoja tu mkubwa ndani ya Umoja wa Ulaya, aliyeko Bydgoszcz, Poland. Ukumbi mpya wa mitambo, basi, haukuumaliza uhaba. Uliurudisha nyuma hatua moja, kutoka kwenye chuma hadi kwenye baruti. Rheinmetall wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana mwaka 2025 walitangaza kuinunua Hagedorn-NC, kampuni iliyokuwa ikitengeneza nitroselulosi kwa ajili ya rangi na vanishi. (Najua yupo atakayeuliza kwa nini AMCOS zetu, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zisiuze manyoya hayo. Hakuna aibu katika kuyauza. Lakini nyuzi zilezile hutengeneza karatasi na rangi, na muuzaji wa Igunga hatajua robota lake liliishia wapi.)

Upande wa pili haushughuliki sana na hesabu za uzalishaji. Unauliza uhaba ukiisha itakuwaje, na swali hilo kwetu si la nadharia. Vita Baridi vilipokwisha, maghala ya Ulaya Mashariki yalifunguliwa, na bunduki na risasi zilizokosa kazi zikauzwa kwa bei ya kutupa. Nyingine ziliishia Maziwa Makuu. Haki inanitaka niseme kwamba kombora la milimita 155 lina uzito wa zaidi ya kilo 40, na hakuna mwasi anayelivusha Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi. Kinachovuka ni risasi za bunduki. Ila baruti ni ndugu moja, na mtambo wa nitroselulosi ukikosa oda za mizinga utatafuta oda nyingine. Watu wa Ulyankulu, makazi yaliyofunguliwa kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wanajua risasi za namna hiyo hufanya nini baada ya kuuzwa. Hata zisipouzwa, zinahitaji ghala, na ghala lina hatari zake, kama ilivyoonyesha milipuko ya maghala ya jeshi ya Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011.

Nchi yetu nayo haiwezi kujifanya mtazamaji. Morogoro kuna Shirika la Mzinga, linalotengeneza risasi, na kila nikilisikia jina hilo hukumbuka kwamba kwa Mnyamwezi mzinga ni wa nyuki kwanza. Mwaka 2005 palikuwa na mabishano makali Ubelgiji juu ya leseni ya kampuni ya New Lachaussée kupeleka mitambo ya kutengenezea risasi Mwanza. Waliounga mkono walisema Tanzania ni dola huru yenye haki ya kujitosheleza. Waliopinga wakafungua ramani na kuonyesha Mwanza ilivyo jirani na Kongo. Nikiwa raia niliudhika kuona nchi yangu ikishukiwa. Nikiwa mkazi wa magharibi sikuweza kusema hofu yao haina msingi.

Kwa mizani yangu, Ujerumani ilikuwa na sababu ya kujenga, na anayetaka Unterlüß ifungwe leo lazima aseme Ukraine ijilinde kwa kitu gani. Udhaifu uko kwenye muda. Juni 2024 serikali ya Ujerumani ilitia saini na Rheinmetall mkataba wa makombora ya milimita 155 wenye thamani inayoweza kufikia euro bilioni 8.5, kwa kuwa hakuna mwekezaji anayejenga kwa ahadi ya mdomo. Mteja wa leo, basi, anafahamika kwa jina na kwa kiasi. Mteja wa 2035 hajaandikwa popote, na mwaka huo mitambo ya Unterlüß itakuwa na umri wa miaka 10, umri ambao mashine ya kuchambulia pamba kule Igunga bado huitwa mpya.