Umefika Garissa au Bado?

Mimi nilikuwa mtu wa kawaida hapa Sagana, na redio yangu na deni langu la dukani, mpaka siku niliposimama darajani nikaona vijana wanateremka Mto Tana, huu unaokwenda hadi Garissa, ndani ya kayaki za plastiki, vimtumbwi vya mtu mmoja. Wanazama, wanaibuka, wanacheka. Nikauliza bei ya kimoja. Nikaomba kiti.

Basi nikasema nitaunda changu, kwani kuna nini? Faibaglasi ipo, inauzwa na hao wanaoziba mabodi ya matatu. Hesabu nikapiga mwenyewe. Lita moja ya hewa chomboni hubeba kilo moja, na mimi nina kilo 94. Kwa lita 94 tupu nitaelea, lakini maji yako puani. Chombo cha maji makali kinataka kama mara tatu ya hapo, ili wimbi likikifunika kiibuke upesi. Lita 300, yaani mitungi 15 ya lita 20. Nikaipanga uani mitupu, nikalala katikati yake nipate umbo. Jirani akaja na ndoo, akidhani nauza maji.

Pua ya kayaki nikaipinda juu kama ndizi, isije ikachoma mawe. Hapo nilifanya vizuri, nisinyimwe haki yangu. Shida ni resini, ile gundi ya majimaji inayogandisha faibaglasi. Dawa ya kuigandisha hutiwa kidogo tu, asilimia moja au mbili. Mimi naona inachelewa, nikamimina kama mtu anayetia sukari kwenye uji wa wageni. Beseni likapata moto, likafuka moshi, na kufumba na kufumbua resini ni jiwe, brashi imesimama wima katikati kama mlingoti wa bendera. Beseni lenyewe ni la Mama Njeri, la kufulia. Mpaka leo nguo zinafuliwa kwenye sufuria, na kila zikifuliwa natajwa.

Na kupiga msasa je! Vumbi lile linawasha kuliko upupu. Wiki mbili nimelazwa kwenye kochi, na sasa hata kochi linawasha.

Tundu la kukalia nikalikata duara safi, sawasawa na kiuno changu, maana kayaki inatakiwa ikubane. Kumbe tundu dogo la duara halipitishi goti! Ndiyo sababu siku hizi wanalirefusha kwa mbele, ukipinduka uchomoe miguu. Mimi haya nimeyajulia kwenye nyasi za uani, nilipojipindua kwa hiari yangu nihesabu sekunde za kutoka.

Nimehesabu mpaka mia nne.

Mama Njeri akarudi kutoka sokoni, akanikuta kichwa chini, kuku wawili wamesimama juu ya tumbo la kayaki. Akatua kikapu polepole.

“Baba Njeri, umefika Garissa au bado?”

Nikamwomba msumeno.

“Msumeno upo,” akasema, akavuta kigoda akaketi. “Tuanze na beseni langu.”