Kuigana kwenye c4 c5 ni usalama kweli?

Kwenye chesi kuna watu wakiona askari wa nyeupe kaenda c4 na nyeusi kajibu c5 (herufi na namba ni nyumba ya ubao) wanasema hiyo tayari droo, nyeupe anatangulia nyeusi anaiga, farasi c3 na c6, g3 na g6, askofu g2 na g7, halafu wataigana hivyo mpaka wachoke wapeane mikono. Nawaelewa. Ufunguzi huu wa Kiingereza (jina limetokana na Mwingereza Staunton, aliutumia Paris 1843 dhidi ya Mfaransa Saint-Amant) haugonganishi kete mapema, na ukikutana na mtu aliyekuja kutafuta nusu pointi ni kazi kumtoa alipo.

Ila mi naona wanalaumu kitu kisicho na kosa. Chukua nyeusi anaiga tu bila kuwaza: farasi wa pili f3 na f6, wafalme wote washafichwa pembeni, a3 a6, ngome b1 na b8, b4, wanakulana pale, b5, wanakulana tena, d4 d5. Ubao bado ni kama kioo, sawa, lakini zamu ni ya nyeupe na askofu wake anatoka f4 anaikodolea ngome ya b8, hapo nyeusi lazima afikirie mwenyewe. Hajafungwa, wala sisemi hivyo, ila ile hatua moja ya kuanza ambayo tunaambiwa haina uzito kwenye gemu tulivu imejitokeza yenyewe.

Kwa hiyo swali kwangu ni nani anavunja kioo na lini. Mmarekani Bobby Fischer akiwa na nyeusi, Belgrade 1970, anacheza na Petrosian, bingwa wa zamani wa dunia na mtu mgumu mno kumfunga: mpaka hatua ya nne wamefanana kabisa, kisha akasukuma e6, farasi wa pili akampitisha e7, akaja kusukuma d5, na baada ya hatua zaidi ya 60 akashinda. Sasa nani aseme hiyo ni gemu ya sare?

Gharama ipo lakini, tusidanganyane. Ukisukuma e6 nyumba za d6 na f6 zinabaki matundu, yaani hakuna askari wa kuzilinda, na mtu mvumilivu atazitafuta tu. Wengine wanachagua mpangilio uitwao Nungunungu, askari a6, b6, d6, e6, wanakubali kubanwa huku wakisubiri nafasi ya b5 au d5, mimi uvumilivu huo sina kabisa na naheshimu walio nao. Mi nakubali matundu ya e6. Na kama raundi ya mwisho unataka nusu pointi tu, iga, ila jibu la ile ngome ya b8 uwe nalo kabla hujasukuma b5.